Usimkemee anayesahau tembe zake: huenda ubongo umeguswa

MAJUMBA ya mtaa wa Pipeline, huko Embakasi Kusini jijini Nairobi, yamepandishwa ghorofa juu ya ghorofa na kusongamana kiasi kwamba mpangaji wa chini hulazimika kuwasha taa mchana. Ndani yake ni vyumba vya kimoja kimoja, choo cha kushirikiana mwishoni mwa ujia, nguo zilizoanikwa kwenye roshani hadi zikafunika ukuta, na mitungi ya maji inayopandishwa kwa ngazi mifereji inapokauka. Katika makao kama hayo siri ni bidhaa adimu. Ndiyo maana baadhi ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi huzitoa tembe zao katika kopo wakazifunga kwenye karatasi ya nailoni, au wakashindilia pamba ndani ya kopo, ili zisitoe sauti ikasikika ng'ambo ya ukuta.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa huko. Tumemtunga sisi wenyewe, lakini yeyote aliyefanya kazi katika kliniki za Ukimwi atamtambua. Ana umri wa miaka 52, anauza mboga chini ya jumba analoishi, na amekuwa akitumia dawa za kupunguza makali ya Ukimwi tangu mwaka wa 2009. Hakohoi, hajakonda, na mara ya mwisho alipopimwa damu aliambiwa kwamba virusi vyake vimepungua hadi havionekani. Kwa macho ya jirani, yu buheri wa afya.

Lakini kwa muda wa mwaka mzima sasa mambo yamekuwa yakimponyoka. Anamrudishia mteja chenji mara mbili. Anapanda hadi ghorofa ya tano, anafika mlangoni, kisha anasimama asijue alichokuja kuchukua. Maharagwe yamemwungulia jikoni mara tatu. Hesabu ya sukuma wiki na nyanya, ambayo zamani aliifanya kichwani huku akipiga gumzo, sasa huikokota kwa vidole. Vifungo vya blauzi vinamchelewesha. Na jambo baya kuliko yote, ziko jioni ambazo hawezi kusema kwa hakika kama tembe ya siku hiyo ameimeza au la.

Majirani wana majibu tele. Wengine wasema ni mawazo, wengine uzee, na wengine wananong'ona kwamba amefanyiwa. Mwanawe anaona ni uzembe tu. "Mama, siku hizi husikilizi," humwambia. Ni wachache mno ambao wangefikiri kwamba virusi vile vile ambavyo havionekani tena katika damu yake huenda vikawa ndivyo vinavyomtaabisha, safari hii ndani ya fuvu la kichwa.

Wengi wetu tuliufahamu Ukimwi kama ugonjwa wa kukonda, kuharisha, kifua kikuu na vidonda vya mdomoni. Ubongo haukutajwa sana. Hata hivyo, madaktari waligundua mapema kwamba nao haukuachwa. Mnamo mwaka wa 1986, Bradford Navia na Richard Price wa New York, pamoja na wenzao, walieleza kwa kirefu hali waliyoiona kwa wagonjwa wao: fikira zilizozorota, miguu na mikono iliyokuwa mizito, na mtu mchangamfu aliyegeuka kuwa mkimya asiyejali lolote. Katika miaka hiyo kabla ya dawa za nguvu, wagonjwa wengi waliofikia kilele cha Ukimwi walipoteza akili kabisa kabla ya kufa.

Hapa Kenya, mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi alitambuliwa mwaka wa 1984. Rais Daniel arap Moi alitangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, na hata wakati huo dawa zilikuwa ghali mno kwa mwananchi wa kawaida. Ilibidi sheria ya mwaka wa 2001 ifungue njia ya kuingizwa kwa dawa za bei nafuu, na ilipofika mwaka wa 2006 ndipo zikaanza kutolewa bila malipo katika hospitali za umma. Katika miaka hiyo yote ya kungoja, familia nyingi ziliwauguza jamaa waliokuwa wakiropoka vitandani, wakisahau majina ya watoto wao. Aghalabu ilisemwa ni malaria iliyopanda kichwani, au ni majini.

Mlinzi wa lango

Ili kuelewa virusi hufikaje ubongoni, fikiria lango la chuma la mojawapo ya majumba ya Pipeline na mlinzi wake. Mgeni asiyejulikana huzuiwa. Mpangaji hupita bila kuulizwa. Ubongo nao una lango kama hilo: mishipa midogo ya damu inayouzunguka imeshonwa kwa ndani kwa namna ambayo vitu vingi vilivyomo katika damu haviwezi kupenya. Viini vya maradhi mengi huishia nje hapo.

Virusi vya Ukimwi havigongi lango. Hujificha ndani ya chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo walinzi wa mwili na zina ruhusa ya kuingia na kutoka. Ni kama mpangaji anayeingia na mgeni ndani ya gunia. Tena haichukui muda. Utafiti uliofanywa Bangkok, nchini Thailand, na kuchapishwa mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba virusi vinaweza kupatikana katika maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo siku 8 tu baada ya mtu kuambukizwa. Wakati huo mhusika hata hajui kama ana lolote, na kwa vipimo vingi angeambiwa kwamba hana virusi.

Vikishaingia, virusi hivi havizivamii zile seli za neva ambazo mtu hufikiria na kukumbuka nazo. Makao yake ni katika seli nyingine ziitwazo maikroglia, ambazo ni askari wa ubongo wenyewe. Kazi ya askari hao kwa kawaida ni kufagia uchafu na kupambana na wavamizi. Wakishaambukizwa hawalali tena. Hutoa kemikali za vita mchana na usiku, na virusi navyo hutoa vipande vya protini vyenye sumu. Huo ndio uvimbe wa ubongo unaozungumziwa hapa, na msomaji asidhani kwamba kichwa hufura au kwamba mtu hushikwa na homa. Ni uvimbe wa seli, wa chini chini, usioonekana.

Nani asiyejua hatari ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa madirisha? Moto wenyewe haumgusi mtu aliyelala kitandani. Hewa chafu ndiyo humdhuru. Seli za neva nazo huwa katika hali hiyo: haziungui, bali huvuta hewa chafu ya vita visivyozihusu. Matawi yake ambayo hupokezana habari hunyauka kidogo kidogo. Sehemu zinazoumia kwanza ni zile za ndani zinazoratibu mwendo wa fikira na wa viungo, na ndiyo sababu mama yetu wa mboga hakuanza kwa kusahau jina lake. Alianza kwa kuwa mzito: mzito wa hesabu, mzito wa vifungo, mzito wa kufuata mazungumzo ya watu wawili kwa pamoja.

Sasa msomaji atauliza: kama anameza dawa na virusi havionekani, moto huo unatoka wapi? Ni swali zuri, na lina majibu zaidi ya moja. Dawa huzuia virusi kuzaana lakini hazing'oi vile vilivyokwisha kujichimbia ndani ya seli. Seli hizo, hata zikiwa haziwezi kutoa virusi kamili, huendelea kudondosha baadhi ya protini zake, hasa ile iitwayo Tat, ambayo huwachokoza askari wa ubongo. Baadhi ya dawa hupita lango la ubongo kwa shida. Halafu kuna deni la zamani. Mtu aliyeanza matibabu akiwa amekwisha kudhoofika, kinga yake ikiwa imeshuka sana, huenda aliumia ubongo kabla ya kumeza tembe ya kwanza. Waliougua miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili walichelewa hivyo karibu wote, kwa sababu kanuni za wakati huo zilitaka kinga ishuke kwanza ndipo mtu apewe dawa. Ni mwaka wa 2016 ambapo Kenya ilianza kumpa dawa kila anayepatikana na virusi bila kungoja.

Takwimu zake zisomwe kwa uangalifu. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2010 uliwapima watu 1,555 wenye virusi, na takriban nusu yao wakaonekana kuwa na upungufu fulani wa fikira. Idadi hiyo imenukuliwa kote duniani na kuwatia watu wengi hofu. Lakini ukiichambua utaona kwamba waliopoteza akili kwa kiwango kikubwa walikuwa asilimia 2 pekee. Asilimia 33 walikuwa watu ambao hawakuwa na tatizo lolote maishani. Walipata tu alama za chini katika mtihani. Binafsi naona si haki kumwita mgonjwa mtu anayefanya kazi yake sawasawa, eti kwa sababu alichelewa kuunganisha nukta kwenye karatasi. Si mimi peke yangu. Mwaka wa 2023 kundi la wataalamu wa mataifa mbalimbali, likiongozwa na Sam Nightingale wa Cape Town, lilipendekeza kwamba mtindo huo wa kuhesabu uachwe, na kwamba alama za mtihani pekee zisitoshe kumtangaza mtu kuwa mgonjwa. Walikumbusha pia kwamba elimu, umaskini na lugha ya mtihani huchangia matokeo.

Takataka zisizozolewa

Jambo jingine ambalo limewashughulisha watafiti ni mrundiko wa protini. Kila ubongo, wako na wangu, hutengeneza protini iitwayo amiloidi, na kila siku huiondoa. Ni mfano wa takataka za mtaa: hakuna nyumba isiyozitoa, na hakuna dhara mradi lori la taka linapita. Lori likikosa kuja kwa majuma kadhaa, kila mtu atajua. Katika ugonjwa wa kusahau wa wazee, ule ulioelezwa mara ya kwanza na daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani mwaka wa 1906, amiloidi hukusanyika katikati ya seli, na protini nyingine iitwayo tau hujisokota ndani yake.

Je, virusi vya Ukimwi huzuia lori la taka? Katika maabara, ndiyo. Ile protini ya Tat tuliyoitaja imeonekana ikilemaza kimeng'enya kinachomeng'enya amiloidi. Aidha, uchunguzi wa maiti uliochapishwa mwaka wa 2005 uliikuta amiloidi katika bongo nyingi za watu waliokufa wakiwa na virusi. Mwaka wa 2009 watafiti wa Marekani walipima maji ya uti wa mgongo ya watu wenye virusi ambao fikira zao zimezorota, wakakuta viwango vya amiloidi vimebadilika kwa namna inayofanana na ile ya ugonjwa wa Alzheimer.

Mtu akiishia hapo atasema kesi imekwisha. Lakini walipotumia picha maalumu zinazoonyesha amiloidi ndani ya ubongo wa mtu aliye hai, hawakuona yale marundo ambayo huonekana kwa wagonjwa wa Alzheimer. Kwa hivyo mtu mwenye virusi anayesahau asiambiwe kwamba ana Alzheimer. Linaloelekea kuwa kweli ni kwamba uvimbe na uchafu huchocheana: askari waliokasirika hawafagii vizuri, na uchafu usiofagiwa huzidi kuwakasirisha. Kipi kilitangulia, hapo ndipo wataalamu wanavutana hadi leo. Jambo hilo si la kupuuzwa, kwani wagonjwa ambao zamani hawakutarajiwa kufika miaka 40 sasa wanavuka 60, umri ambao magonjwa ya kusahau huwajia hata wasio na virusi.

Umri huo huja na maradhi ya mishipa ya damu pia. Shinikizo la damu, kisukari na sigara huharibu mishipa midogo ya ubongo ya mtu yeyote, na uvimbe wa virusi huongeza uharibifu huo. Mwaka wa 2023 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa lililowahusisha watu 7,769 wenye virusi katika nchi 12, Uganda ikiwa miongoni mwao. Waliopewa kila siku tembe ya kupunguza mafuta ya damu walipatwa na maradhi makubwa ya moyo na mishipa, kiharusi kikiwemo, kwa kiwango cha chini kwa zaidi ya thuluthi moja kuliko wenzao. Ni jambo la kumwuliza daktari. Kupima presha, kwa upande wake, hakuhitaji utafiti wowote.

Kipimo kilichopatikana Kampala

Kwa miaka mingi vipimo vya fikira vilitengenezwa kwa ajili ya watu waliosoma shule za Ulaya na Marekani. Mtu aliambiwa aandike herufi za alfabeti kwa haraka, na akishindwa akahesabiwa kuwa na kasoro. Mnamo mwaka wa 2005, Ned Sacktor wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na watafiti wa Marekani na Uganda walichapisha kipimo kifupi kisichohitaji kalamu, karatasi wala kujua kusoma. Kilijaribiwa kwa wagonjwa 66 wa Marekani na 81 wa Kampala.

Kipimo chenyewe huanza kwa maneno manne. Mhudumu humtajia mgonjwa mbwa, kofia, haragwe na nyekundu, na kumwomba ayakariri kisha ayahifadhi kichwani. Baada ya hapo mgonjwa hugonganisha kidole gumba na cha shahada cha mkono asioandikia, kwa upana na kwa haraka awezavyo, kwa sekunde 5. Akifikisha mara 15 amepata alama zote 4. Kisha huweka mkono mezani kwa mtindo wa ngumi, halafu kiganja, halafu upande wa mkono, akirudia mfululizo huo kwa sekunde 10. Mwishoni huulizwa yale maneno manne. Alama za juu kabisa ni 12, na aliyepata 10 au chini yake hupelekwa kwa uchunguzi zaidi.

Najua kwamba kuna msomaji ambaye amekwisha kuanza kugonganisha vidole. Basi ajue hili: kipimo hiki kilimnasa mgonjwa halisi mara 8 katika kila 10, lakini pia kilimtilia shaka karibu nusu ya watu ambao hawakuwa na ugonjwa huo. Ni wavu wa tundu ndogo, hunasa hata dagaa. Aliyelala vibaya, aliyefanya kibarua kutwa nzima Industrial Area, au mwenye vidole vigumu kwa baridi yabisi anaweza kuanguka. Hapa kwetu, daktari wa neva Judith Kwasa na wenzake walijaribu huko Kisumu njia ya kuwawezesha wahudumu wasio madaktari wa neva kuutambua ugonjwa huu, na ripoti yao ya mwaka wa 2012 ilionyesha jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu kuliko inavyodhaniwa. Madaktari wa neva ni wachache nchini, na wengi wao wamo Nairobi, kwa hivyo juhudi kama hizo zina maana.

Kampala ilitoa habari nyingine mbili. Ya kwanza ilikuwa nzito: katika kliniki moja ya huko, utafiti uliotolewa mwaka wa 2007 ulikuta asilimia 31 ya wagonjwa 78 wana ugonjwa wa kupoteza akili utokanao na virusi. Ya pili ndiyo ningependa ikumbukwe zaidi. Ripoti ya mwaka wa 2006 ilifuatilia wagonjwa 23 walioanza dawa, na baada ya miezi 3 na 6 fikira zao zilikuwa zimepata nafuu. Waliokuwa wameanza kupotea walirudi kiasi. Ugonjwa huu, tofauti na Alzheimer, unaweza kurudishwa nyuma.

Duara la kusahau

Hapo ndipo tatizo la mama yetu wa Pipeline linapojifunga fundo. Kinachomlinda ubongo ni tembe ya kila siku. Kinachomwezesha kuikumbuka tembe hiyo ni ubongo. Akisahau mara moja hakuna balaa. Akisahau majuma mawili, virusi huamka, uvimbe hupanda, naye huzidi kusahau. Wakati mwingine virusi huamka ubongoni kabla ya kuonekana katika damu. Mwanawe anapomkemea, yeye hujifunza kuficha. Ataanza kusema "nimemeza" hata asipokumbuka, na kliniki itadanganyika pamoja na familia.

Zamani kulikuwa na watu wa kulikata duara hilo. Katika kliniki nyingi walikuwapo washauri na wagonjwa wenza waliompigia simu mtu aliyekosa siku yake, au hata kumfuata nyumbani. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya kigeni, na Julai mwaka huo shirika la USAID likafunga kazi zake. Wengi wa wafanyakazi hao walipoteza ajira, na Kenya ikaanza kuhamishia huduma za Ukimwi katika idara za kawaida za wagonjwa wa nje. Kwa mtu mwenye akili timamu, kubadilishiwa chumba na foleni ni usumbufu tu. Kwa mtu ambaye ramani ya kichwani imeanza kufifia, huenda ikawa ndiyo siku anayogeuka akarudi nyumbani. Jamaa zake sasa wanafanya kazi iliyofanywa na mshauri, wapende wasipende.

Kazi yenyewe haihitaji shahada. Kisanduku cha plastiki chenye vyumba 7 vya siku za juma humaliza ubishi wa "nimemeza au sijameza", na hakitoi sauti ya kopo. Kengele ya simu ni nzuri, ila iwekwe saa ambayo mtu yuko nyumbani. Wengine huifunga tembe na desturi ambayo haikosi, kama vile chai ya asubuhi au taarifa ya habari ya saa moja jioni. Akikumbuka baadaye siku hiyo hiyo, ameze. Siku ikishapita, asimeze mbili kwa pamoja ili kufidia. Mwanawe na aseme, "Mama, tumeze dawa," badala ya, "Umesahau tena?"

Hata hivyo, asihukumu kabla ya kumpeleka kwa daktari, kwa kuwa mambo mengi huiga ugonjwa huu. La kwanza ni msongo na huzuni ya muda mrefu, ambayo ni ya kawaida sana kwa wanaoishi na virusi na hutibika. Pombe kali za bei ya chini ni la pili. Kuna upungufu wa damu, kasoro za tezi ya shingo, ukosefu wa vitamini B12, na kaswende ya zamani ambayo haikutibiwa. Dawa nazo zimo. Wengi wanaikumbuka efavirenz, iliyotumiwa hapa kwa miaka mingi, na ndoto zake za ajabu na kizunguzungu cha usiku. Tangu mwaka wa 2018 nafasi yake ilianza kuchukuliwa na dolutegravir, ambayo huwakosesha baadhi ya watu usingizi. Aliyekosa usingizi mwezi mzima atasahau hata asipokuwa na virusi. Asiache dawa kwa sababu hiyo. Aulize kama anaweza kuimeza asubuhi.

Wapo wanaonyamaza kwa kuhofia kazi. Sheria ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi ya mwaka wa 2006 inakataza mwajiri kumfuta mtu kwa sababu ya kuwa na virusi, na inakataza yeyote kutangaza hali ya mtu mwingine bila idhini. Najua kwamba kibarua anayeajiriwa kwa siku langoni mwa kiwanda haoni sheria hiyo ikimfaa sana.

Siku ya kwenda kliniki, iwe ni ile ya Mama Lucy Kibaki au zahanati ya karibu, mgonjwa asiende peke yake. Afuatane na mtu anayekaa naye, kwa sababu anayesahau hukumbuka vibaya pia jinsi anavyosahau. Wabebe dawa zote zilizoko nyumbani, zikiwemo za mitishamba na zile za kununua dukani. Waeleze mabadiliko yalianza lini na yanaonekana katika kazi gani: chenji, jiko, ngazi. Waombe kipimo cha kiwango cha virusi ikiwa hakijafanywa kwa mwaka, na wapime presha na sukari papo hapo.

Yote tuliyoyaeleza huja polepole, kwa miezi na miaka. Yakija kwa siku chache, ni jambo jingine kabisa. Mtu mwenye virusi anayeumwa na kichwa kisichopoa, mwenye homa, shingo iliyokakamaa, anayetapika, anayeona vitu viwili viwili, aliyelegea upande mmoja, aliyeanguka kifafa au aliyechanganyikiwa ghafla, huenda ana kifua kikuu cha utando wa ubongo au ukungu uitwao kriptokokasi, na hayo huua kwa haraka. Asingoje kliniki ya Jumatatu. Ashushwe ngazi na apelekwe hospitali usiku huo huo.